Picha ya Bosi Kwanza, Dagaa Baadaye

Zuwena, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa ofisini, nacheka huku nataka kulia.

Si unaijua ile programu yetu ya simu, ya akina mama wa Nkome kuuzia dagaa? Leo tumeipanga. Tumebandika karatasi ukutani, safari nzima ya mteja: anafungua, anatangaza mzigo, anapata mnunuzi. Yaliyo kwenye karatasi za juu yanaingia kwenye programu kesho, ya chini yasubiri.

Bosi Wiliam kaandika yake: "Picha ya mkurugenzi na salamu zake." Kaibandika juu kabisa! Meneja akafuata: "Nasaha za meneja." Mhasibu naye chini yake. Wamejipanga kwa vyeo, Zuwena. Kwa vyeo!

"Kuuza dagaa" niliandika mimi, mdogo wa wote. Ikaishia chini kule, karibu na soketi.

Nikathubutu kuipandisha. Bosi akaniuliza, "Asteria, karatasi yako ikae juu ya yangu?"

Juu ya yangu! Kwa woga nikajikuta nasema, "Shikamoo."

Akaitika. "Marahaba." Nikairudisha kwenye soketi.

Na kesho anayeenda kuizindua programu huko Nkome ni mimi. Mama mkwe kaalika wauza dagaa wenzake wote. Watafungua simu, wamuone Wiliam anatabasamu, basi.

Ngoja, bosi kanitumia picha zake nichague.

Nimemchagulia ile aliyoshika sangara. Angalau humo ndani patakuwa na samaki mmoja.