Mbwa Chini ya Breki

Molo, Tororo
9 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Okurut,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za Eldoret na baridi yake? Daphine hajambo? Nathan na Patience wanaendelea vizuri shuleni? Sisi tupo, ila mimi nina hofu ambayo haijanitoka. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia.

Jumatano ya tarehe 29 mwezi uliopita nilimpeleka Bosi, yule mbwa wa Mama, kwa daktari wa mifugo kule Busia akachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Hakuwa amechanjwa hata mara moja. Mama alikaa mbele pamoja nami, Bosi tukamlaza miguuni pake bila kamba. Tulimwonea huruma kumfunga.

Tukiwa kwenye mteremko, karibu na mji, tukakuta lori la saruji limeharibika mbele yetu. Lingine nyuma likapiga honi. Bosi akashtuka, akajipenyeza chini ya miguu yangu. Nikakanyaga breki, haikwenda chini. Nilikuwa nakanyaga mwili wake. Alilia, Okurut, na gari likazidi kushuka. Kulia bodaboda zilikuwa zinapanda, kushoto mtaro.

Nilichoweza kusema ni, "Mama, mvute!"

Mama akainama, akamshika ngozi ya shingo. Bosi akamng'ata mkono. Mama hakuachia. Alivuta mpaka akamtoa, nikafunga breki. Kati ya gari letu na lori usingepitisha beseni.

Tuliuosha mkono kwa sabuni na maji mengi kwenye nyumba ya jirani na barabara, kisha tukaenda hospitali ya Masafu, Mama akaanza sindano za kuzuia kichaa. Tulipofika kwa daktari wa mifugo, alituambia tumfungie Bosi siku kumi na kumwangalia. Akibadilika au akifa, tukimbilie hospitali kuwaarifu.

Kila asubuhi nilifungua kibanda tulimomfungia. Siku ya sita hakugusa chakula. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Sikumwambia Mama. Jioni akala.

Jana siku kumi zimetimia. Daktari amekuja, amesema Bosi hana kichaa. Mama bado hajamaliza sindano, na kidole kimoja hakikunjiki vizuri, lakini anapika na anaenda kanisani. Mimi sijashika usukani tangu siku ile.

Sasa nasikia Desemba mnakuja na watoto, na mbwa wenu pia. Nakuomba, usimwache huru ndani ya gari, hata akiwa mpole namna gani. Mfungeni kiti cha nyuma kwa mkanda wa kifuani. Wa shingoni utamnyonga ukifunga breki ghafla. Achanjwe mapema. Msimamishe njiani anywe maji. Na pale mpakani Malaba mkienda kugongewa mihuri ya pasipoti, mmoja wenu abaki naye nje kivulini, msimfungie ndani ya gari juani.

Nisalimie Daphine, Nathan na Patience. Mjomba Etyang na shangazi Akwi wanawasalimu sana. Mungu awatangulie barabarani, awafikishe wote wazima.

Jana usiku nilimuuliza Mama kwa nini hakuachia alipong'atwa. Akasema, "Nilikuwa naona mguu wako unaitafuta breki."

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukungoja,
Adeke