Mafuta ya Kukamulia

Shangazi yangu,

Tangu tukuzike upande wa juu wa shamba lako la maharage sijawahi kukosa la kukuambia. Ila hili nimelizungusha mdomoni hadi likapoa, ndipo nikaona afadhali niliandike. Ukiwa hai nisingethubutu, na hata sasa uso unaniwaka.

Nilipokaribia kuolewa, wewe ndiye uliyenifungia chumbani kwako, ukanipaka siagi ya ng'ombe kutoka kichwani hadi nyayoni, ukanifundisha yale ambayo mama mzazi hamtamkii binti yake. "Mwanamuke hafunge mulango kwa bwana yake," ulisema. Sikuuliza kitu, maana bibi harusi haulizi.

Sasa mimi ni nyanya, hedhi ilikoma zamani, na mlango umejifunga wenyewe. Ndiyo, nimesema. Mwili ulikauka. Mume wangu, Papa Furaha, akinikaribia, nilisikia maumivu kama ya kukatwa. Nikawa najifanya nimesinzia, au nimeshikwa na mgongo. Mwisho akachukua blanketi lake, akahamia kibanda cha zizini. Aliwaambia watu analinda ng'ombe, na kwa jinsi usalama ulivyo mbovu huku kwetu Ngungu hakuna aliyeshangaa. Kanisani wamama walinisifu kwamba nina bwana anayejali mali. Nikasema asante, huku najua moyoni kwamba ananikimbia mimi, na kwamba iko siku atatafuta kwingine.

Nikakumbuka siagi yako. Lakini siagi ningeitoa wapi, nasi ng'ombe waliobaki wanatupa maziwa ya chai tu? Dirishani palikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia, yale tunayowapaka ng'ombe kwenye chuchu zisipasuke. Nikajiambia, kama yanamfaa ng'ombe, mimi ni nani niyakatae? Usicheke. Au cheka tu, huko uliko hakuna wa kutuchongea. Nikajipaka, kumbe yale mafuta yana dawa ya kuua wadudu, yakaniunguza kama moto. Sikufika hata kumwita mume wangu. Nilikaa kwenye beseni la maji baridi, nikiimba pambio kwa sauti ili mke wa mwanangu, aliyekuwa anafua uani, asisikie kwamba nalia.

Kituo cha afya cha hapa sikuthubutu kukanyaga, muuguzi wake tunaimba naye kwaya. Nilipanda pikipiki hadi Bweremana. Barabara unaijua, na mahali nilipokuwa naumia unapajua.

Muuguzi wa kule alikuwa mama wa makamo. Nikamwambia mgongo unauma. Akaukagua mgongo, akaniangalia nilivyokalia upande mmoja, akaenda kufunga mlango.

"Mama, miye niko muganga, siko pasteri. Uliweka nini?"

Nikalitaja lile kopo huku naangalia sakafu. Hakucheka. Alinipa dawa ya kutuliza, na jeli laini ya kutumia nikishapona, akaniambia nisijipake kitu kingine tena. Akanieleza kwamba hedhi ikikoma wanawake wengi hukauka hivyo, na kwamba tiba ipo. "Haiko zambi, mama. Iko myaka tu." Nilipomtajia habari ya kibanda cha zizini, akataka Papa Furaha naye aje apimwe.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Unajua kwetu watu hawagombani karibu na ng'ombe anayekamuliwa, asije akabana maziwa. Basi nikachagua saa ya kukamua. Nilisimama upande wa pili wa ng'ombe ili mume wangu asinione uso, nikamwambia kila kitu, hata mafuta yake yalikokwenda. Mikono yake ikasimama. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema, kama vile anamwambia ng'ombe:

"Mama Furaha, miye nilizani umenichoka. Mwili yangu haisikie tena. Njo sababu nilikimbia huku, usiione."

Shangazi, kumbe mwenzangu naye alikuwa amejificha. Nililia pale pale, naye akabaki ameinamia kibuyu. Ng'ombe akabana maziwa hata hivyo, na chai ya asubuhi hiyo tuliinywa nyeusi.

Bweremana tulirudi wawili. Walimkuta na ugonjwa wa sukari, wakasema huo nao humpunguzia mwanaume nguvu za kitandani. Sasa anakunywa dawa, na blanketi limerudi ndani ya nyumba. Si kama zamani, usitarajie makubwa. Siku nyingine jeli inatusaidia na tunafurahi. Siku nyingine tunashikana mikono tu, tunasengenya wakwe mpaka mmoja asinzie. Simwogopi tena mume wangu. Lakini aibu haijatoka, na lile kopo nikilipita bado naangalia pembeni.

Kuna jambo lingine linaloniunguza kuliko yale mafuta. Ulipokuwa na umri huu wangu, ulihamia kulala jikoni. Ulisema moto unakusaidia kifua. Baadaye bwana yako akaoa mwingine kule Pinga, nasi tukasema wanaume ndivyo walivyo. Siku moja nilikuletea kuni nikakukuta umejilaza kwenye mkeka wako, nikakusifu kwamba umeyaacha mambo ya dunia. Uligeukia ukutani, nami nikatua kuni zangu nikaenda zangu.

Neema, binti wa kaka yangu, anaolewa kiangazi hiki. Kaka ameniletea habari kwamba mimi ndiye nitakayemfungia chumbani, maana shangazi sasa ni mimi. Nimeshaanza kukusanya siagi, kidogo kidogo. Nakuahidi nitampaka kama ulivyonipaka, na nikimaliza ya harusi nitamwambia na ya miaka hii, hata kama nitayasema nimeinamisha kichwa. Na nitamwambia aulize, aniulize lolote.

Pumzika, mama yangu. Mimi nilikuletea kuni miaka yote ile, na sikukuuliza kwa nini unalala jikoni.

Mtoto wako,
Mama Furaha