Mstari Nilioufuta

Jumatatu, 5 Agosti
Itangazwe kwa wote, yaani kwangu mimi: leo kiti changu cha ofisini, hapa Naguru, kimewekewa gurudumu la nne. Taifa lipumzike. Kwa furaha nikasafisha faili la kujengea kifurushi chetu cha programu ya usajili wa wagonjwa, lile linalotaja kila kitu ambacho kifurushi kinahitaji ili kifanye kazi. Mistari ya kizamani nje. Kikajengwa, kikawaka kwenye kompyuta yangu bila kosa. Mzee mimi bado nimo.

Jumanne, 6 Agosti
Akello, mwenzangu wa meza ya pili, hujaribu kila kifurushi kwenye kompyuta tupu, isiyowekwa kitu. "Mzee, nionje kwanza?"
"Wewe unaonja hata maji? Toa toleo. Kwangu kinakwenda."
Nikaenda Ggaba kula samaki. Akabonyeza yeye. Toleo likatoka kwa jina lake.

Jumatano, 7 Agosti
Balaa. Kliniki ya Wandegeya ilipokea toleo usiku. Kompyuta yao ikaona hakuna tena kifurushi kinachodai seva ya wavuti, ile programu inayofungua kurasa, ikaing'oa yenyewe. Ndivyo ilivyopangwa: kisichodaiwa huondolewa. Asubuhi ukurasa wa usajili haufunguki. Foleni mpaka barabarani, akina mama na watoto wenye homa. Akello alirudisha toleo la zamani kabla ya saa sita.
Mkubwa wetu wa kazi akauliza nani alilitoa.
"Ni mimi," Akello akasema.
Akanitazama. Nikajitia kutafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Alhamisi, 8 Agosti
Mkataba wa Akello unaisha kesho. Mkubwa hataongeza, kwa ajili ya Jumatano.

Ijumaa, 9 Agosti
Alipanga vitu vyake kwenye boksi. "Bambi, pole Mzee, usinune. Kiti chako sasa kimekamilika." Nikacheka. Nilicheka kweli, mwoga mimi.

Jumatatu, 12 Agosti
Ilivyokuwa ni hivi. Mstari uliodai seva ya wavuti niliufuta mimi. Kwangu kifurushi kiliwaka kwa sababu seva niliiweka kwa mkono wangu miaka iliyopita, nikasahau. Akello alitaka kujaribu. Mimi ndiye niliyemkataza, kwa mzaha.
Nimemweleza mkubwa asubuhi. Amesikiliza mpaka mwisho. Amesema ilifaa niseme Jumatano. Nimempigia Akello pia, hakupokea. Nimemwandikia yote.
Kisha nimeketi kwenye meza ya pili, nikakiweka kifurushi changu kwenye ile kompyuta tupu. Kimekataa kuwaka. Jaribio lote limechukua dakika mbili.