Sahani ya Baba na Mbwa wa Jirani

Jumapili, saa tisa alasiri. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, na milima imejifunika ukungu hadi kiunoni. Nguo nilizoanika jana bado mbichi. Nimekaa kitandani hapa bwenini, chuoni Mazimbu, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka ninamfikiria baba bila hasira.

Nianze na kosa langu. Siku ya Pasaka, mezani kwetu Bigwa, baba alikuwa akimwambia mdogo wangu kwamba mtu hana mali kubwa kuliko familia yake. Nikamwambia, "Baba, wewe ulituacha." Wala sikupaza sauti. Aliacha pilau yake nusu, akanawa mikono, akatoka kwenda kuangalia migomba.

Hatujazungumza tangu siku ile. Salamu zake hunifikia kupitia kwa mama. Juzi ameniomba, kwa njia hiyohiyo, niende nyumbani Jumamosi. Sijajibu.

Leo Rehema, ninayekaa naye chumba kimoja, amerudi na diski ya filamu ya Kiingereza aliyoazima mjini. Alipoiweka kwenye kompyuta nikaona duka la samaki wa kukaanga, na bibi kizee anayepiga masufuria kama ngoma, nilimshika mkono. Filamu hii ninaijua. Niliiona mara moja tu, nikiwa na miaka tisa.

Ni filamu ya kuchekesha. Bwana mmoja mnene wa Uingereza anakaanga samaki, lakini moyo wake uko kwenye tarumbeta. Watoto wake wanapiga naye baada ya kazi, mama mkwe ndiye mpiga ngoma, na majirani hawalali. Siku moja bendi kubwa ya mjini inamwita. Inabidi achague kwenda au kubaki.

Mwaka tulioiona, kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba kilikuwa kimesimama, kikisubiri mnunuzi. Baba alikuwa fundi mitambo, na jioni alipiga tarumbeta katika bendi ya kiwanda. Vyombo vilikuwa mali ya kiwanda. Vikakusanywa vyote, vikafungiwa stoo. Baba akawa mtu wa kukaa. Nakumbuka vidole vyake vitatu vikibonyeza ukingo wa kikombe cha chai, kimoja kimoja, bila sauti.

Madukani, wakati huohuo, vilikuwa vinamiminika vitu ambavyo sisi watoto hatukuwahi kuviona. Jirani yetu Mama Josefu akawa wa kwanza mtaani kuwa na televisheni na deki. Kanda ya filamu tuliipata sisi, ndani ya boksi moja na birika, kwa mhadhiri Mwingereza aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Basi Jumapili moja baada ya misa tukajazana kwa Mama Josefu, na baba akasimama kando ya televisheni kututafsiria. Kiingereza alikiokota kwa wahandisi wa kiwandani. Mtaa mzima ulimwita Mwingereza wetu, na alilipenda jina hilo. Mama, mwalimu wa darasa la pili, alikaa mkekani akimnyonyesha mdogo wangu.

Ikafika sehemu ya mlangoni. Yule bwana amebeba begi na tarumbeta. Mkewe, aproni kiunoni, anasema maneno mengi kwa haraka. Baba akakohoa, akatafsiri: "Anasema, nenda mume wangu. Watoto nitawatunza. Ila utuandikie barua."

Kisha mke akachukua sahani ya mumewe, akammwagia mbwa chakula chote.

Josefu, mtoto wa mwenye nyumba, akauliza kwa nini mbwa anapewa chakula cha baba mtu. Baba hakubabaika. Alisema kwa Wazungu ndivyo ilivyo: mtu akisafiri, mbwa hupewa sahani yake ili safari iwe ya heri. Watu wazima wakatikisa vichwa. Wazungu wana mambo.

Baada ya wiki moja baba alikwenda Dar kupiga na bendi. Asubuhi ile, alipokuwa akifunga begi, nilichukua sahani yake ya viazi vitamu, nikavuka uzio, nikammwagia mbwa wa Mama Josefu. Nilitaka safari yake iwe ya heri. Niliporudi na sahani tupu na kumweleza mama, alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, halafu machozi yakamtoka, akaingia ndani.

Miaka yote nimeyakumbuka yale machozi na kukisahau kicheko.

Leo nimemsikia yule mwanamke wa Uingereza kwa masikio yangu. Anasema: ukitoka kwenye mlango huo usirudi, na chakula chako anakula mbwa.

Rehema alikuwa amelala chali kwa kucheka. Mimi nilitoka barazani nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamuuliza kama siku ile kwa Mama Josefu alikielewa Kiingereza. Akasema alisomeshwa na masista miaka minne, ila sisi hatukuwahi kumuuliza.

"Kwa hiyo ulimsikia anavyodanganya?"

"Alikuwa ananiomba ruhusa, Vero. Barua ya bendi ya Dar nilishaikuta mfukoni nilipofua suruali yake. Wiki mbili anazunguka nayo. Kwa mdomo wake alishindwa, akaazima wa Mzungu."

"Si ungemkatalia?"

"Nikae na mtu anayepiga tarumbeta kwenye kikombe? Tulipofika nyumbani nikamwambia aende. Nilimruhusu mimi. Usimdai baba yako kitu nilichokitoa mwenyewe."

Nikamuuliza kama baba anajua kwamba alielewa kila neno.

"Baba yako ndiye Mwingereza wa nyumba hii," akasema. "Mwache hivyohivyo."

Miaka miwili alikaa Dar. Akarudi mwembamba, mvi masikioni, na tarumbeta kuukuu ambayo sasa anawafundishia vijana wa parokia. Nilimpokea begi, nikampa shikamoo, na nikaanza kumwadhibu. Nilisoma Kiingereza kwa bidii mno, na leo najua sababu. Kidato cha tatu nilikuwa namsahihisha mbele ya wageni. Alikuwa akisema, "Ahsante mwanangu," na kurudia neno kama nilivyolitamka.

Mama hakumsahihisha hata siku moja.

Nimemwomba Rehema asiirudishe diski hadi wiki ijayo, niende nayo nyumbani, amekubali. Mama nimemtumia ujumbe kwamba Jumamosi naja. Nitamtafuta baba kwenye migomba kabla sijaingia ndani, nimwombe radhi ana kwa ana, kwa Kiswahili, bila kuazima mdomo wa mtu. Kisha nitamwomba atutafsirie filamu. Nitakaa mkekani kando ya mama, kimya.

Ninaogopa sehemu moja tu, ile ya mlangoni. Ninataka kusikia safari hii baba atamfanya yule mwanamke aseme nini.