Nusu ya Onyo

Nyahanga, Kahama

Mayu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Mhunze, na mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unachemka, kwa hiyo nisamehe nikimkosea adabu ndugu yako.

Unajua Mjomba Edson aliniajiri tutengeneze vifaa vya kuwaonya wachimbaji. Kimoja hupima hewa chini shimoni. Kingine kiko juu, hupokea taarifa kwa mtandao na kupiga king'ora hewa ikichafuka. Hicho cha juu kina kumbukumbu ndogo mno. Mjomba akaagiza kila kinachoingia kisomwe papo hapo, kisha kifutwe. Nilimwambia mtandao hauahidi kuleta taarifa nzima kwa mkupuo. Huweza kuleta nusu sasa, nusu baadaye, kama mchele unaopimwa kwa bakuli. Lazima nusu ya kwanza itunzwe hadi ya pili ifike, na nafasi ya kuitunza ilikuwepo. Alicheka, akasema mbona hapa mezani zinafika nzima, mimi nina woga wa shule tu. Nikaandika alivyotaka.

Wiki iliyopita, kule Geita tulikovifunga, onyo lilifika vipande viwili. Kifaa kikasoma cha kwanza, hakikuelewa, kikafuta. Cha pili nacho hivyo hivyo. King'ora kimya. Mchimbaji mmoja akatolewa hajitambui.

Wachimbaji wakasema shimo limechafuliwa. Wakamshika Justa, mama lishe, eti alipita mdomoni pa shimo akiwa mwezini. Wakamwaga maharage yake, wakamfukuza. Mjomba alijua ukweli, nilishamweleza. Msomi mzima akanyamaza, kisha akachangia mbuzi wa tambiko!

Jana nilikwenda nikasimama mbele yao, nikasema wenye kosa ni sisi, si Justa. Nikakata nyaya za king'ora, asije mtu akashuka kwa kukiamini. Kazi sina tena, wala sijutii.

Sasa lililonifanya niandike. Mjomba alikupigia simu kwamba mdogo wangu Wiliam amelazwa kwa malaria, nawe ukamtumia jogoo wa shukrani kwa kumuuguza. Si malaria. Aliyetolewa shimoni ni Wiliam. Usiogope, leo hapa hospitalini amefumbua macho, akaniita kwa jina langu.

Wasalimie majirani wote. Mjomba akija, mpe kiti, maana ni ndugu yako. Maji asinywe mpaka akuambie mwenyewe.

Mwanao,
Paskalina