Robo ya Mwanakondoo

Aranda de Duero,
Jumapili jioni

Mpendwa dada Remedios,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limekupa nafuu na Mama anakula bila kubembelezwa. Mimi mwili hauna neno.

Leo nimetimiza miaka sitini, nikajiambia siwezi kushinda Zaragoza nikitazama ukuta. Nikapanda basi hadi Aranda, kwenye ile nyumba kongwe ya akina Berzosa, wanaochoma mwanakondoo kwa kuni tangu enzi za babu wa babu zao. Unajua nilivyoitamani.

Kumbe nilisahau jambo moja. Mwanakondoo pale huuzwa kwa robo, na robo ni ya watu wawili. Mhudumu, mzee mmoja aitwaye Saturio, mwenye maneno huyo, aliniuliza tuko wangapi. Meza zote zilijaa familia, kelele tupu, na niliona kama wote wananitazama mimi. Nikasema tuko wawili, mume wangu anaegesha gari.

Basi akapanga sahani mbili, akamimina divai kwenye bilauri mbili. Nyama ilipoiva alikataa katakata kuileta. Alisema hawezi kumpa mmoja chakula huku mwenzake yuko njiani, ikae kwanza mlangoni mwa tanuri. Kila akipita ananichokoza: “Bibie, huyo bwana anaegesha gari au anaegesha treni?” Meza ya jirani wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikazidi kujichimbia shimo, nikasema maskini anaumwa nyonga, anatembea polepole.

Lahaula! Saturio akavua aproni, akasema anatoka kwenda kumshika mkono mzee wa watu, maana ule mlima wa kanisani si mchezo. Alikuwa ameshafika mlangoni nilipomkimbilia nikamshika shati. Nikamwambia hakuna mtu wa kushikwa mkono, haji mtu. Nilikuwa sijawahi kuyatamka maneno hayo kwa sauti.

Aliniletea robo nzima, akaiondoa sahani ya pili. Niliila yote peke yangu, dada, mpaka mifupani, machozi yakinitoka mbele za watu. Ilikuwa tamu ajabu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Evaristo hajafa wala haumwi. Aliondoka Pasaka, anaishi Logroño na mwanamke mwenye duka la maua. Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye uliyenionya juu yake tangu tulipokuwa wachumba, nami nisingeweza kuvumilia kusikia “si nilikwambia”. Sasa niambie tu, hata hilo litakuwa sauti ya mtu ndani ya nyumba.

Nisalimie wanao na majirani wote wa ghorofani. Mama mbusu kwa niaba yangu. Salamu za Evaristo leo hazipo. Zile nilizokuwa nawaandikia kila mwezi nilizitunga mwenyewe. Mama alikuwa akizijibu, nami nikimpokelea Evaristo.

Ni mimi mdogo wako,
Casilda