Nyumba Uliyoivua Suti

Mpendwa Mama Sifa,

Barua hii naisema, siiandiki. Mkono wangu unatetemeka siku hizi, hata kijiko cha uji unakimwaga, kwa hiyo maneno ni yangu na mwandiko ni wa Neema. Unamkumbuka binti yangu, yule aliyekuwa akigombea mkeka na Sifa wako. Sasa ni mtu mzima, ana duka la vitenge Gungu, na kila asubuhi anapanda bodaboda kuja Ujiji kunigeuza kitandani. Hatujui uliko. Wengine wanasema ulirudi kwenu Uvira, wengine wanasema ulipelekwa Ulaya. Ndiyo maana nimetaka barua hii isomwe na yeyote itakayemfikia, huenda akawa anakufahamu.

Daktari amezungumza nami kwa upole sana, na mimi nimeishi vya kutosha kujua upole wa namna ile una maana gani. Basi sitazunguka. Nilikupenda, Mama Sifa. Nilitaka uwe mke wangu, na sikukuambia.

Neema ameweka kalamu chini. "Baba, na hilo niandike?"

"Andika."

Ameandika, lakini ameinamia karatasi asinitazame, na hilo linanitisha kuliko ugonjwa. Wewe ulipokuja, mama yake alikuwa hajakaa sana kaburini. Nataka mjue ilivyokuwa, wewe na yeye, kwa wakati mmoja.

Mlishuka kwenye boti na wengine waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa. Mume ulikuwa umeshamzika huko. Mchungaji wetu akatuomba wenye vyumba tuvifungue, nami nilikuwa na chumba kimoja uani. Siku ile ulikaa sebuleni, Sifa amelala mapajani, ukawa unatazama tu. Kuta zilikuwa na kijani cha rangi ya mafuta hadi usawa wa bega, masalia ya rangi tuliyopaka madarasani. Pazia lilikuwa zito, rangi ya damu ya mzee. Kabati la vioo lilijaa vikombe ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvinywea.

"Mwalimu," ukasema, "hii nyumba iko pembeni ya maji, lakini imevaa suti."

Nilicheka. Neema alitoka chumbani mbio kuangalia ni nani anayecheka humu ndani.

Ukaanza kuivua. Pazia lilikwenda kwanza, na nyuma yake kulikuwa na ziwa, ambalo nilikuwa karibu nimelisahau. Nikakuambia jua litachubua makochi. "Acha lichubue. Kochi ni la kukalia, Mwalimu, si la kuuzisha." Ukatandika mikeka. Kafi lililovunjika ukalipigilia ukutani tutundikie makoti. Ubao wa mtumbwi mkuukuu ukaufanya benchi, ukanikataza kuupiga randa kwa sababu ulipenda mahali ambapo kamba zilikuwa zimeula. Kwa wavuvi wa dagaa ukaomba wavu uliochakaa, ukaufua, ukauanika, ukautundika kwenye mlango wa korido. Harufu haikutoka. Paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Bi Zuhura, jirani yangu, akawa hawezi kupita bila kusimama: "Mwalimu, leo sebuleni mmevua nini?"

Ukamjibu kutoka ndani: "Tumevua mwalimu, Bibi! Bado anarukaruka!"

Nilijifanya nasahihisha madaftari. Sikuona hata neno moja.

Halafu ukataka ukuta mmoja uwe na rangi ya jua linapozama upande wa kwenu. Rangi ya dukani hukuitaka, ulisema inang'aa kama kipara. Ukachanganya mawese kwenye chokaa. Kosa hilo lingefanywa na nani kama si sisi watu wa ziwa hili, ambao kila kitu kwetu huanzia kwenye mawese? Ikatoka rangi nzuri ajabu, kama papai lililokatwa sasa hivi, na mimi msomi nikakusifu. Asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka uani hadi darini, na nyumba nzima inanukia kama watu tunakaanga. Bi Zuhura alikuja na bakuli. Tulishinda tunakwangua ukuta ule, watoto wakituletea maji ziwani, wewe umechafuka chokaa hadi kwenye nyusi, ukisema, "Hata sisimizi wamependa, ni wewe tu hupendi."

Sasa nafika pagumu, na ninamwomba Neema aendelee kuandika.

Siku moja nilikukuta umevitoa kwenye makochi vitambaa alivyofuma marehemu mke wangu. Nilidhani unavitupa. Nikapandisha sauti, nikasema maneno ya mtu mwenye nyumba. Ulisubiri nimalize.

"Mama wa Neema alikuwa na mikono mizuri," ukasema. "Lakini vitambaa vyake munavikalia, Mwalimu. Mie nataka vionekane."

Ukavifua, ukavitia wanga wa muhogo, ukaviunga kimoja kimoja vikawa pazia jepesi la dirisha la ziwani. Jioni jua likapita humo, maua aliyoyafuma mke wangu yakalala sakafuni. Neema akaketi katikati yake akiyagusa kwa kidole. Hapo ndipo nilipokupenda. Sikukupenda ili umwondoe mama yake. Nilikupenda kwa kuwa ulimfungulia dirisha.

Kisha likaja tangazo kwamba wakimbizi wote waliokuwa mjini waende kambini, malori yatawachukua. Bi Zuhura aliniita pembeni. "Mwalimu, una akili au una vyeti tu? Muoe, abaki."

Nilitaka. Nilikwenda mpaka mlango wa chumba chako, nikarudi. Ulikuwa unakula kwangu, unalala kwangu, na lori linakuja. Ningekuuliza, ungenikubali mimi, au ungelikubali paa? Sikuitaka ndiyo ya mtu anayeogopa lori. Nikakubebea godoro, nikakupa mkono kama mtu anayeagana na mkaguzi wa shule, ukapanda.

Baadaye nilikufuata kambini. Hili hukulijua. Nilipita Kidahwe ndani ya basi nikiwa nimepakata kitenge na mche wa sabuni, najifunza la kusema, maana nilijua huko una hema lako mwenyewe na unaweza kunikatalia bila kupoteza pa kulala. Niliambiwa mmeshahamishwa, hakuna aliyejua wapi. Kitenge nilimpa mwanamke aliyenielekeza njia.

Sikuoa tena. Usilichukue kama mzigo; nilikuwa na nyumba nzuri ya kukaa. Mwaka huu Neema alileta fundi wa vigae na dari za jipsamu, nikamrudisha fundi na sinia la samaki wa migebuka ili asikasirike. Kitanda changu kiko sebuleni, miguu imeelekea dirishani. Mchana naona wanawake wakianika dagaa mchangani. Ninaondoka nikiwa mahali ninapopapenda, na wewe ndiye uliyepafanya hivyo. Popote ulipo, uishi karibu na maji, na mwanga uingie ndani. Kwaheri, Mama Sifa.

Nimemwambia Neema amalizie hivi: "Aliyekuwa mwenye nyumba wako." Amekataa. Amefuta macho kwa kanga, kisha amenigombeza kama anavyonigombeza nikikataa dawa.

"Karatasi zote hizi, Baba, halafu mwenye nyumba? Mimi nitaandika Baba Neema."

"Hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita Mwalimu."

"Najua. Lakini akiona jina langu hapo, atajua kwamba na mimi nimekubali."

Wako,
Baba Neema